Karatasi ya maabara si mgonjwa

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wagonjwa wa figo, presha na kisukari pamoja na jamaa zao. Ambao hawakuweza kuja waliomba maandishi, nami nimeyaweka jinsi nilivyosema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mabibi na mabwana, wagonjwa na ninyi mnaowauguza, hamjambo?

Naomba mniwie radhi. Nilikuja na hotuba nyingine, imepigwa chapa vizuri, iko hapa mfukoni. Lakini pale mlangoni mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Sista, eti ninyi watu wa utafiti mnatufanya panya wa majaribio?" Akacheka. Nami nikacheka, tukaachana. Ila tangu nikae kwenye kile kiti, swali lake limenikaa kooni.

Basi mama, popote ulipokaa, nakujibu wewe. Wengine mtatusikiliza tu.

Mimi si daktari bingwa. Ni muuguzi wa utafiti. Kazi yangu ni kufunga mkanda wa presha mkononi mwa mtu, kutoa damu, kuhesabu vidonge vilivyobaki kichupani, na kuandika. Kuandika sana. Na jambo moja ambalo kazi hii imenifundisha kuliko yote ni hili: karatasi ya maabara si mgonjwa. Nitalirudia mara nyingi leo, mtanivumilia.

Nianze na mgonjwa ambaye hakupungukiwa kitu.

Machi 1944, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa na daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn. Presha ilikuwa 186 kwa 108, na moyo umeanza kushindwa kazi. Huyu ni mkuu wa nchi tajiri, yuko katikati ya vita kuu, anaweza kuitiwa daktari yeyote duniani. Alipewa nini? Mapumziko, chumvi ya kupimiwa, dawa ya kumtuliza, na digitalisi ya kuusaidia moyo. Basi. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya, akapoteza fahamu. Presha ikapimwa: imepita 300 kwa 190. Siku hiyohiyo alifariki kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 63.

Kwa nini presha ile haikushushwa? Dawa nzuri hazikuwepo, hilo kweli. Lakini kulikuwa na jingine. Madaktari wengi wenye majina makubwa zama zile waliamini kuwa presha ya juu ni hekima ya mwili wenyewe. Mishipa imekakamaa, walisema, kwa hiyo moyo unasukuma kwa nguvu ili damu ifike kwenye ubongo na figo, ukiishusha, umevinyima. Hoja imekaa sawa, sivyo? Imekaa sawasawa. Na haikuwa kweli.

Nani aliyeonyesha kwamba haikuwa kweli? Si yule aliyekuwa na hoja kali zaidi. Ni yule aliyehesabu.

Anaitwa Edward Freis. Alifanya kazi kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, na wenzake wakakusanya wanaume 143 ambao namba yao ya chini ya presha ilikuwa kati ya 115 na 129. Wakagawanywa kwa kura. Wanaume 73 wakapata dawa za kweli, 70 wakapata vidonge tupu vinavyofanana navyo kwa sura. Mgonjwa hajui anameza nini, na daktari anayempima hajui. Kwa nini wote wafichwe? Kwa sababu anayejua hupima kwa moyo wake. Mimi mwenyewe nikijua umepewa dawa mpya ninayoitumainia, mkono wangu utachelewa kidogo kwenye kipimo, nitasikia ninachotaka kusikia. Sisemi nitadanganya. Nasema mimi ni binadamu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Upande wa vidonge tupu, matukio mabaya yalikuwa 27: viharusi, mioyo kushindwa, figo kuharibika, vifo. Upande wa dawa yalikuwa 2. Ishirini na saba kwa mawili! Hapo huhitaji mtaalamu wa takwimu.

Sasa mama, najua unachofikiri. Unawafikiria wale 70. Mimi pia huwa nawafikiria. Majina yao hayamo popote kwenye makala ile, lakini kila kidonge cha presha kilichomo kwenye mikoba humu ukumbini kina deni kwao. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na kwa sababu wao walishaonyesha, leo hakuna kamati ya maadili itakayokubali mtu mwenye presha ya namna ile aachwe na kidonge kitupu peke yake. Leo dawa mpya huongezwa juu ya matibabu uliyo nayo tayari. Nusu ya watu wanaongezewa dawa, nusu wanaongezewa kidonge kitupu, na wote wanaendelea na dawa zao. Hilo wengi hawaelezwi vizuri. Wakisikia "kidonge kitupu" wanadhani watatelekezwa.

Tuendelee. Twende Brazili tukamwone nyoka.

Anaitwa jararaca. Akimgonga mtu, presha huporomoka. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, aliichunguza sumu ile, kisha akaipeleka London kwenye maabara ya John Vane. Wakemia wawili wa kampuni ya Squibb, David Cushman na Miguel Ondetti, wakaunda kidonge kinachofanya kazi ya sumu ile kwa upole. Kikaitwa captopril, kikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ndugu zake mnawajua: enalapril, lisinopril, ramipril, wote wanaoishia na "pril". Wangapi humu wanameza mmojawapo? Inueni mikono. Mnaona? Nusu ya ukumbi huu inaishi na nyoka.

Kwamba captopril inashusha presha, hilo lilijulikana. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, inailinda figo ya mwenye kisukari kwa namna yake, mbali na kushusha presha? Edmund Lewis na wenzake waliwachukua watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Makundi yote mawili yalidhibitiwa presha. Moja likaongezewa captopril, jingine kidonge kitupu. Mwaka 1993 wakatoa hesabu: kreatinini, taka inayorundikana kwenye damu figo ikichoka, ilipanda maradufu kwa watu 43 wa kidonge kitupu, na kwa watu 25 wa captopril. Hatari ya kufa, au kufikia kusafishwa damu kwa mashine, au kuhitaji kupandikizwa figo, ilipungua kwa nusu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wanapopotea.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Kisukari kinapoanza kuisumbua figo, damu husukumwa kichujioni kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Kichujio kinafanya kazi kupita kiasi. Ukipima wakati huo, karatasi inapendeza! Uchujaji uko juu, kreatinini iko chini, unashukuru Mungu. Kumbe ni punda anayechapwa. Punda anayechapwa hukimbia kweli, hukimbia mpaka siku anapoanguka.

Vidonge vya ukoo wa nyoka vinalegeza ule mshipa wa kutokea. Nguvu ndani ya kichujio inashuka, punda anapumua. Na kwa kuwa anapumua, mwendo unapungua kidogo. Ukipima baada ya wiki mbili, kreatinini imepanda kidogo. Sasa karatasi inasema figo imerudi nyuma. Figo yenyewe inasema: afadhali.

Nilikuwa na mgonjwa, baba mtu mzima, aliyetunza karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki, kwa tarehe, kila moja imekunjwa mara mbili. Alianzishiwa dawa ya ukoo huo. Kreatinini ikapanda kidogo sana. Akaiona, akailinganisha na karatasi ya nyuma, akaziacha dawa. Hakumwambia mtu. Alirudi baada ya mwaka na miguu imevimba, protini imejaa kwenye mkojo, na bahasha yake kwapani. Kosa lilikuwa lake? Hapana. Kosa lilikuwa letu, tuliompa kidonge bila kumpa maelezo ya dakika tano. Yule baba alisoma karatasi kwa uangalifu kuliko wengi wetu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema: itapanda kidogo, usishtuke. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, au potasiamu, madini fulani, ikizidi kwenye damu, hapo daktari anatakiwa kuangalia upya. Na ukitapika au kuharisha sana mpaka mwili ukakaukiwa maji, uliza kama dawa hizo zisimame kwa siku chache. Lakini usiziache kimyakimya.

Karatasi ya maabara si mgonjwa.

Na kinyume chake je? Karatasi inaweza kupendeza huku mtu anazama? Inaweza. Kulikuwa na dawa iliyoitwa bardoxolone. Ilipandisha uchujaji wa figo, tena kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimebakiza nguvu kidogo sana. Hebu fikiria furaha! Sisi tumezoea namba hiyo ishuke polepole mwaka hadi mwaka, leo inapanda. Wagonjwa 2,185 wenye kisukari wakaingia kwenye jaribio kubwa. Mwaka 2012 likasimamishwa katikati ya safari. Waliolazwa au kufa kwa moyo kushindwa kazi walikuwa 96 upande wa dawa, na 55 upande wa kidonge kitupu. Namba za figo zilikuwa bado zinapendeza siku jaribio linafungwa.

Sukari nayo ilitufundisha adabu. Mwaka 2008, jaribio la ACCORD, lenye watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, liliuliza kama kuibana sukari mpaka iwe karibu na ya asiyeumwa kunaokoa maisha. Waliobanwa sana walikufa 257, wengine 203. Sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mapema. Msinielewe vibaya: sukari iliyoachwa ovyo inaharibu macho na figo, hilo lilikwisha kuthibitishwa Uingereza mwaka 1998 baada ya watafiti kufuatana na wagonjwa kwa miaka mingi. Lakini kuifukuza namba kwa fimbo ni jambo jingine.

Mmeuliza nani aliyeyasimamisha majaribio hayo? Swali zuri, ingawa hamjaliuliza. Kila jaribio kubwa lina kamati ya watu wa nje. Sisi tunaopima tuko gizani, mgonjwa yuko gizani, wanaotoa fedha wako gizani, ila kamati ile inafungua daftari kila baada ya muda na kuhesabu. Ikiona upande mmoja unaumia, inasema: acheni. Na ikiona upande mmoja unanufaika mno kiasi kwamba si haki kuwanyima wengine, inasema vilevile: acheni.

Hilo la pili nimelishuhudia kwa karibu katika kazi yetu, na nitawasimulia kwa sababu ndiyo habari njema kubwa ya miaka ya karibuni.

Mwaka 1835 wakemia waliitoa kwenye gome la mizizi ya mtofaa dawa chungu inayoitwa florizini. Miongo kadhaa baadaye, Joseph von Mering akaonyesha kuwa ukimpa mnyama florizini, mkojo wake unajaa sukari. Ikakaa hapo kama kioja cha maabara. Figo ya mtu mzima huchuja karibu gramu 180 za sukari kwa siku na kuirudisha yote kwenye damu. Florizini ilikuwa inaziba mlango wa kuirudishia. Lakini tumboni haikuvumilika, haikufaa kuwa dawa. Ilichukua zaidi ya karne kupata ndugu zake wanaofaa: canagliflozin, dapagliflozin, empagliflozin. Wakaruhusiwa kama dawa za sukari, na kwa kushusha sukari, niseme ukweli, ni za kawaida tu.

Mnajua nini kilichofichua siri yao? Mashaka. Kulikuwa na dawa nyingine ya sukari iliyotuhumiwa kuumiza moyo, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza kwamba dawa mpya za kisukari zithibitishe kuwa haziuumizi. Watu wakanung'unika: gharama, muda, makaratasi. Jaribio likafanywa kwa kutimiza sheria. Mwaka 2015 matokeo ya empagliflozin yakatoka, watu 7,020, na vifo vya moyo na mishipa vimepungua kwa asilimia 38. Walitafuta kama inaumiza moyo, wakakuta inauokoa!

Kisha figo. Mwaka 2019, canagliflozin, watu 4,401 ambao wote walikuwa tayari wanameza dawa za ukoo wa nyoka au za binamu zake zinazoishia na "sartan". Jaribio likasimamishwa mapema, safari hii kwa sababu njema: waliopewa dawa walinufaika. Mwaka 2020, dapagliflozin, watu 4,304. Waliopoteza figo kwa kiasi kikubwa au kufa kwa figo au moyo walikuwa 312 upande wa kidonge kitupu, 197 upande wa dawa. Na karibu theluthi ya watu hao hawakuwa na kisukari kabisa! Dawa ya sukari, kwa mtu asiye na sukari, inalinda figo. Nani angelisema hilo kwa kukaa kitini na kufikiri?

Na dawa hizi pia, ukianza kuzimeza, kreatinini hupanda kidogo mwanzoni. Hizi zinabana mlango wa kuingilia badala ya kulegeza wa kutokea, lakini punda ni yuleyule, na anapumua vilevile. Mkumbuke baba wa bahasha.

Sasa jambo la mwisho, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo.

Anayehesabiwa ndiye anayetibiwa kwa uhakika. Asiyehesabiwa hutibiwa kwa kukisia. Kwa miaka mingi dawa za presha zilichaguliwa kwa Waafrika kwa kutazama hesabu za watu wa mabara mengine. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CREOLE, lililofanyika nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara, watu 728. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zenye amlodipine ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyo nayo. Watu 728 tu, na jibu likapatikana. Kwa nini tulisubiri mpaka 2019?

Au chukueni jeni inayoitwa APOL1. Mwaka 2010 iligundulika kuwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, hasa Magharibi, wana maumbo mawili ya jeni hiyo yanayowakinga dhidi ya vimelea vya malale. Ukirithi mojawapo kwa mzazi mmoja, ni ngao. Ukirithi kwa wazazi wote wawili, hatari ya ugonjwa wa figo inapanda sana. Kwa muda mrefu watu hawa waliambiwa figo zao zimeharibiwa na presha, wengine wakalaumiwa kuwa hawamezi dawa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kwanza ya dawa inayoizuia protini inayotengenezwa na jeni hiyo, inaitwa inaxaplin. Kwa watu 13 waliohesabiwa, protini kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Mimi nafurahi, halafu najikumbusha: watu 13, na protini ni karatasi. Ngojeni hesabu kubwa.

Mama wa mlangoni, bado upo? Panya haulizwi. Hasomewi fomu kwa lugha anayoielewa, hapewi siku ya kwenda kushauriana na nyumbani, hana ruhusa ya kusema "nimechoka, natoka" na bado akatibiwa kesho yake kama kawaida. Wewe unavyo vyote hivyo, na ukivikosa, usisaini. Muulize anayekuletea fomu: dawa zangu za sasa zitaendelea? Nikipata madhara usiku nampigia nani, na nani analipia matibabu? Mnahesabu nini mwishoni, karatasi yangu au maisha yangu? Jaribio likiisha na dawa ikafaa, nitaendelea kuipata? Hilo la mwisho hutufanya tukune vichwa, na ndiyo sababu mnatakiwa kuliuliza kila mara.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Yule baba wa kofia ameinua mkono tangu nilipomtaja nyoka. Karibu baba. Mpelekeeni kipaza sauti.